Mgawanyo wa binomia

Mgawanyo wa binomia ni kanuni ya takwimu inayotoa uwezekano wa kupata idadi fulani ya mafanikio pale jaribio lilelile linaporudiwa. Masharti yake ni manne: idadi ya majaribio (n) ijulikane mapema, kila jaribio liwe na matokeo mawili tu, uwezekano wa kufanikiwa (p) usibadilike, na jaribio moja lisiathiri jingine. Wastani ni np, na mtawanyiko ni np(1−p).

Mfano wa kitalu

Katika maeneo ya chai nchini Kenya, kama Chepseon kwenye barabara ya Nakuru–Kericho, mfano bora ni kitalu. Mche hupatikana kwa kukata kipande cha tawi chenye jani moja na kukichomeka katika mfuko wa nailoni uliojazwa udongo. Kipandikizi ama hushika ama hufa.

Tuseme uwezekano wa kushika ni 0.9 na mkulima amechomeka vipandikizi 10. Uwezekano wa vyote kushika ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi, yaani 0.349. Vikishika tisa, kilichokufa chaweza kuwa chochote kati ya kumi, hivyo hesabu huzidishwa kwa 10 na kuwa 0.387. Vikishika vinane, viwili vilivyokufa vyaweza kupatikana kwa njia 45, na jibu ni 0.194. Jumla ni 0.930, hivyo kupata chini ya vinane kutatokea takriban mara 7 katika 100.

Hiyo 10 na hiyo 45 ndizo ambazo wanaoanza husahau. Zote zimo katika pembetatu ya Pascal, ambayo katika mtaala wa 8-4-4 wa Kenya mwanafunzi aliikuta kidato cha tatu kwenye upanuzi wa binomia. Uwezekano ulifundishwa kidato hichohicho, lakini kama mada nyingine, na ni hasara kubwa kwamba mada hizi zilisomwa kana kwamba hazijuani.

Sharti la nne

Sharti kwamba jaribio moja lisiathiri jingine ndilo linalovunjwa mara nyingi, tena kimyakimya. Vipandikizi hufunikwa kwa karatasi moja ya nailoni ili unyevu usitoke. Karatasi ikichanika, hufa pamoja. Wastani waweza kubaki uleule huku mtawanyiko ukizidi np(1−p) kwa mbali, na mkulima aliyetegemea fomula akakosa miche msimu mzima. Vivyo hivyo mvua ya mawe, iliyozoeleka sana Kericho: hupiga mashamba jirani kwa pamoja, na idadi ya mashamba yaliyoharibiwa haihesabiki kwa binomia.

Historia

Jakob Bernoulli wa Basel aliishughulikia kanuni hii katika Ars Conjectandi, kitabu kilichotoka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Mwaka 1733 Abraham de Moivre alionyesha kwamba n ikikua, umbo la mgawanyo hukaribia lile la kengele.

Chai yenyewe iliingia katika takwimu kupitia mwanatakwimu R. A. Fisher, aliyeeleza mwaka 1935 jaribio la bibi aliyedai kutambua kwa kuonja kama maziwa yalitangulia kikombeni. Vikombe vilikuwa 8, na bibi alijua kwamba 4 vilitanguliwa na maziwa; kwa hiyo anayebahatisha hupatia vyote mara 1 katika 70, na hiyo si binomia. Kama kila kikombe kingeamuliwa kwa kurusha sarafu, ingekuwa binomia, na bahati ingeshuka hadi 1 katika 256.

Matumizi

Mgawanyo huu hutumika katika ukaguzi wa bidhaa viwandani, kura za maoni na majaribio ya dawa.