Mwongozo na Chombo Chake: Historia Fupi ya Nyaraka za React Native

Mwezi wa Machi 2015, kampuni ya Facebook ya Marekani ilitoa hadharani React Native, kiunzi cha kujengea programu za simu za mkononi. Kwanza kilihudumia simu za iPhone. Septemba ya mwaka huo zikaongezwa za Android. Tangu hapo mwongozo wake haukupata kutulia.

Mfano mmoja watosha. Hadi toleo la 0.59, aliyetaka kuunganisha maktaba fulani za programu alipaswa kutoa amri maalumu. Toleo la 0.60, la Julai 2019, liliifanya kazi hiyo ijitendekee. Ukurasa usiorekebishwa ukabaki ukifundisha amri isiyohitajika tena, na mwanafunzi akadhani kosa ni lake, kumbe ni la mwongozo.

Mnamo Julai 2020 nyaraka zilitolewa upya, zikionyesha mtindo wa zamani na mtindo mpya wa kuandika programu bega kwa bega. Aidha, matoleo yamewekewa nakala zao za mwongozo, ili mwenye toleo la zamani asipotee.

Kamusi nayo hufuata nyuma ya lugha hai. Lakini lugha hubadilika kwa vizazi, kiunzi hiki kwa miezi. Kwa hiyo abadilishaye chombo hana budi kuyabadilisha na maneno yake wakati ule ule. Asipofanya hivyo, hasara humwangukia msomaji, ambaye hana njia ya kujua kwamba ameelekezwa kwenye mlango uliokwisha kuzibwa.