Rap Iliyozikuta Santuri Zimeondoka

Kule Marekani rap ililelewa na sahani. Madijei wa Bronx walizisukuma mbele na nyuma kwa vidole, na mwaka 1979 Sugarhill Gang wakatoa "Rapper's Delight" kwenye sahani ya inchi 12. Ndiyo maana kampuni ndogo za huko zikifukua rap ya zamani iliyosahaulika maboksini, huirudisha kwenye santuri, nakala chache, na wakusanyaji hugombania.

Mkusanyaji wa namna hiyo akipanda basi huku Tanzania hadi Mbulu au Katesh kusaka santuri za rap ya Kiswahili ya miaka ya 1990, atarudi mikono mitupu. Asiwalaumu wenyeji kwa kutojua kutunza. Rap yetu ilifika ikakuta santuri zimeshaondoka.

Hata zilipokuwepo, hazikuwa zetu sana. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake inaswe na kampuni ya His Master's Voice. Kufikia miaka ya 1970 bendi za Dar es Salaam zilikuwa zikirekodi Radio Tanzania, lakini sahani zenyewe zilifyatuliwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Wakati huo radio kaseti ilikuwa imeshakaa sebuleni. Kanda haikungoja kiwanda. Radio mbili na waya mmoja zilitosha, na kijiji kizima kikapata nakala.

Hivyo Saleh Jabir alipochukua wimbo wa Vanilla Ice akaujaza Kiswahili, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi yake ilitembea kwa kanda. Kundi la Kwanza Unit walikuja kwa njia hiyohiyo, na Mr. II na "Ni Mimi" yake ya 1995 vilevile. Kanda ina hulka mbaya: ukiziba vile vitundu viwili vya juu kwa selotepu, unaweza kurekodi upya juu ya chochote. Nani ajuaye ni mashairi mangapi ya rap yamelala chini ya kwaya za Pasaka? Na zilizonusurika zilirudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri, hadi utepe ukalegea.

Mbulu, na Hanang iliko Katesh, zilikuwa Mkoa wa Arusha hadi 2002, Manyara ilipozaliwa. Kwa hiyo kijana wa Dongobesh aliyepeleka vitunguu saumu mjini, au aliyekwenda kusoma, mji wake mkuu ulikuwa Arusha. Na Arusha kulikuwa na X Plastaz, kundi lililoanza mwaka 1996. Wao hawakutosheka kuiga midundo ya New York. Walimleta Merege, mwimbaji wa Kimaasai, na ile sauti ya kooni ya morani wakaiweka kando ya mistari ya Kiswahili. Mwaka 2004 Out Here Records ya Ujerumani ikatoa albamu yao, Maasai Hip Hop. Miaka miwili baadaye Faza Nelly, mmoja wa nguzo za kundi, akauawa. Mwenzake kundini, Gsan, aliendelea, na mwaka 2009 alichana kwa Kiswahili kwenye tuzo za hip-hop za BET huko Marekani.

Wapo waliosema Merege alikuwa pambo la kuwauzia Wazungu. Sikubaliani nao. Mtu aliyekulia nyanda hizi hahitaji kufundishwa kwamba maneno yenye mapigo ni sanaa. Wairaqw wa Mbulu wana slufay: mzee hunena mstari baada ya mstari, akiomba mvua, mifugo na amani, na waliokaa huitikia kila mstari. Ukimwondoa mwitikiaji, slufay imekatika. Madijei wa Bronx walilijua hilo, ila wao walikuwa na spika.

Sauti ya Wairaqw nayo imewahi kufukuliwa, ingawa si kwa santuri. Mjerumani Paul Berger alikusanya masimulizi ya Kiiraqw katikati ya miaka ya 1930. Maandishi yake yalikaa hadi 1998, Roland Kiessling alipoyahariri yakachapishwa kitabu. Miaka sitini na ushee kabatini! Ukilinganisha, kanda ya 1995 bado ni mtoto.

Kichekesho ni kwamba santuri imerudi Tanzania kwa mlango wa nyuma. Singeli, muziki wa kompyuta na flashi kutoka uswahilini Dar es Salaam, ulitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, katika mkusanyiko Sounds of Sisso, na mashabiki wa Ulaya wakaupata kwenye sahani. Rap nyingi iliyoutangulia bado inangoja zamu.

Kuifikisha kwenye sahani kunahitaji chanzo, na tepu mama za studio zikikosekana, chanzo ni kanda ya mtu. Husafishwa, huchezwa kwenye deki iliyonyooshwa kichwa, hunakiliwa mara moja kabla utepe haujakatika, kisha ndipo sahani ya kwanza huchongwa. Huko Haydom au Basotu, kanda hiyo huenda iko darini, ndani ya sanduku la bati, jina la msanii limeandikwa kwa mkono na nusu yake imefutika.