Mzigo Usioonekana

Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi, alipoteremka kutoka Unyanyembe hata Bagamoyo, aliujua mzigo wake kwa bega. Pembe ni pembe. Mionzi haina uzito wala harufu. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazili, waokota vyuma walivunja mashine ya kutibia saratani iliyoachwa. Zikapita zaidi ya wiki 2 kabla ya hatari kutambuliwa, na watu 4 wakafa.

Sheria ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo hapo awali makao yake yalikuwa Arusha. Tabora i mbali. Chuma cha namna ile kikizuka katika reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 ikiandama njia ya misafara, watakaotangulia kukiona ni mchukuzi na askari wa stesheni. Kwa rai yangu hao ndio kikosi cha kwanza. Hawana budi kufundishwa wasikiguse, wawazuie watu, wawaite wenye vipimo.