Shax: Vita vya kokoto vyenye kisa cha wafugaji

Shax, jina ambalo herufi yake ya mwisho hutamkwa kama ha ya Kiarabu itokayo kooni, ni mchezo wa watu wawili unaopendwa na Wasomali, wakiwemo wale wa Garissa, Wajir na Mandera. Hauhitaji meza wala ubao. Mistari huchorwa mchangani, na kete huwa kokoto kwa upande mmoja na vijiti au samadi kavu ya ngamia kwa upande wa pili.

Ni mchezo wa kushambuliana, lakini kanuni zake zina jambo la kuwafunza wanaouliza swali la zamani miongoni mwa watunzi wa michezo: je, sheria za mapigano na masimulizi huoanaje?

Swali hilo lilipata uzito mpya mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani. Humo kila mchezaji huvaa nafsi ya mhusika mmoja na msimulizi huongoza kisa. Kwa kuwa ulichipuka kutokana na michezo ya vita ya vinyago vya askari, ulirithi hesabu nyingi: nani aanze, dadu ionyeshe nambari gani ndipo pigo lipate, uhai upungue kwa kiasi gani. Tangu hapo baadhi ya wachezaji wamelalamika kwamba panga zikichomolewa, hadithi husimama kupisha hesabu.

Shax haina dadu wala msimulizi. Kisa chake kimo ndani ya kanuni zenyewe.

Kutua kabla ya kupigana

Uwanja ni miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, iliyounganishwa kwa mistari katikati ya kila upande. Hivyo hupatikana vituo 24. Kila mchezaji ana kete 12, nao huziweka moja moja kwa zamu hadi vituo vyote vijae. Katika hatua hii ni marufuku kuondoa kete ya mwenzako, hata ukifanikiwa kupanga tatu mstari mmoja, safu iitwayo jare.

Vituo vikishajaa, aliyetangulia kuunda jare huondoa kete moja ya mpinzani, kisha mpinzani naye huondoa moja. Nafasi hupatikana na mapambano huanza: kete husogezwa hadi kituo jirani kilicho wazi, na kila jare mpya humpa mwenyewe haki ya kuondoa kete ya adui. Anayebakiwa na kete mbili ameshindwa.

Mchezaji stadi hutafuta hali ambayo kete moja, kwa kwenda na kurudi, huunda jare kila inaposogea. Hali hiyo huitwa irmaan, neno ambalo kwa Kisomali ni mnyama anayekamuliwa maziwa. Neno moja tu, na anayesikia ameshaelewa: mwenye irmaan ana mfugo usiokauka, naye mwenzake anakabiliwa na ukame.

Kanuni nyingine ni ya kushangaza zaidi. Mchezaji akizingirwa asiweze kusogeza kete yoyote, hahesabiwi kuwa ameshindwa. Mpinzani hulazimika kusogea ili amfungulie njia, na hata akiunda jare kwa hatua hiyo, haruhusiwi kuondoa kete. Katika nchi ambako njia ya kisimani ni uhai, si vigumu kuona kwa nini kumzingira mtu hakutoshi kuwa ushindi.

Mwiko ndio kisa

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Mapigano yasiyo na mwiko hubaki kuwa hesabu. Kanuni inapokataza jambo ambalo mshindi angeweza kulifanya, papo hapo huzuka kisa: ana nguvu, lakini atajizuia?

Utamaduni wa Wasomali unalijua hilo hata nje ya mchezo. Desturi iitwayo biri-ma-geydo hutaja watu wasioguswa na silaha vitani: wanawake, watoto, wazee, wagonjwa, wageni, watu wa dini na wajumbe wa amani. Haikuandikwa katika vitabu vya serikali. Ilirithishwa kwa mashairi, methali na hadithi, na katika miaka ya 1990 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliikusanya katika chapisho.

Miaka hiyo hiyo Wajir ilionja uchungu wa vita vya koo. Mwaka 1993 wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi aliyetunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 na kufariki mwaka 2011, walianza kwa kulinda soko lao, ili mwanamke wa ukoo wowote auze na kununua bila kubughudhiwa. Wazee nao wakaafikiana katika Azimio la Al-Fatah mwaka huo huo. Hatua ya kwanza, basi, ilikuwa kutenga mahali ambapo kupigana ni mwiko.

Mchezo si vita, na kokoto si mtu. Hata hivyo, kijana anayefundishwa shax hujifunza mambo mawili kwa pamoja: namna ya kumzingira mwenzake, na wajibu wa kumfungulia njia.