Herufi L na R katika Lubaga

L na R ni herufi mbili zinazowakilisha sauti moja ya Kiganda, lugha ya wenyeji wa Lubaga, kilima na divisheni ya magharibi mwa Kampala. Ndiyo maana jina la kilima hicho huandikwa Lubaga au Rubaga, na maneno ya Kiingereza yanayotofautiana kwa herufi hizo pekee huelekea kusikika sawa vinywani mwa wasemaji wengi. Jambo hili hufanyiwa mzaha kama kasoro ya ulimi, ilhali linafuata kanuni iliyonyooka kuliko tahajia ya Kiingereza chenyewe.

Kanuni

Katika tahajia sanifu ya Kiganda, iliyokubaliwa mwaka 1947, R huandikwa baada ya irabu I na E; penginepo pote huandikwa L. Neno moja laweza kubeba zote mbili: omuliro ni moto, eddwaliro ni hospitali, Lubiri ni kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Mzizi nao hubadili herufi ngeli inapobadilika: omulimu, kazi, wingi wake ni emirimu, omulyango, mlango, ni emiryango, omulembe, zama, ni emirembe, neno ambalo pia humaanisha amani. L ikitanguliwa na N hugeuka D: okulaba ni kuona, ndaba ni naona. Neno la asili la Kiganda halianzi kwa R.

Lugha jirani zina desturi zao. Kinyankore huandikwa kwa R bila L, na Nkore ya wenyeji ndiyo Ankole ya ramani za kikoloni. Kikuyu vilevile kina R tu. Kiswahili hutenganisha sauti hizo kwa ukali: kula si kura, kalamu si karamu, mahali si mahari.

Maneno ya kukopa

Kiganda kilipokopa kutoka pwani, kila neno lilipita katika kanuni hiyo. Sukari ikawa ssukaali na barua ikawa ebbaluwa, kwa kuwa irabu inayotangulia ni A. Ruhusa ikawa olukusa. Meli ilikwenda njia ya pili: ikawa emmeeri, kwa sababu ya E. Maneno ya Kiingereza nayo hayakusazwa: lori ni loole, redio ni leediyo, rais ni pulezidenti, programu ni pulogulaamu. Katika mawili haya ya mwisho irabu U imepenyezwa kati ya konsonanti, nayo ndiyo iliyoita L.

Jozi za Kiingereza

Jozi zinazotajwa zaidi ni hizi:

- rice ni mchele au wali. Lice ni chawa.
- road ni barabara. Load ni mzigo.
- right ni haki, sahihi au upande wa kulia. Light ni mwanga, au -epesi.
- pray ni kusali. Play ni kucheza.
- grass ni nyasi. Glass ni kioo au bilauri.
- correct ni kusahihisha. Collect ni kukusanya.
- berry ni tunda dogo la kichaka. Belly ni tumbo.
- erect ni kusimamisha. Elect ni kuchagua.

Msemaji anayefuata kanuni ya Kiganda hachanganyi ovyo. Mwanzoni mwa neno, na baada ya A, O au U, huelekea L: rice husikika kama lice, na correct kama collect. Baada ya I au E huelekea R, hivyo belly husikika kama berry na elect kama erect. Anayeijua kanuni aweza kukisia, kabla ya neno kutamkwa, ni upande upi utakaoshinda. Waliosoma sana Kiingereza hutenganisha sauti hizo bila taabu.

Jina la kilima

Kabaka Mutesa I, aliyetawala kuanzia 1856 hadi 1884, alikuwa na kasri juu ya kilima hiki. Henry Morton Stanley alifika Buganda mwaka 1875, na katika kitabu chake cha safari kilichotoka 1878 aliliandika jina kwa R. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walifuata desturi hiyohiyo. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walitua karibu na Entebbe Februari 1879, na sarufi ya shirika lao iliyochapwa Paris mwaka 1885 iliiita lugha yenyewe ruganda. R ya Rubaga basi haikuwa ya kilima peke yake. Kiambishi lu- kizima, kilichomo pia katika Luganda, jina la Kiganda kwa wenyeji, kilikuwa kikiandikwa hivyo.

Lourdel mwenyewe alipewa na Waganda jina la Mapeera, kutokana na maneno ya Kifaransa mon père, baba yangu. R yake imekaa baada ya E, palepale inapotakiwa na kanuni. Jina la ubatizo la Lwanga, mmoja wa Mashahidi wa Uganda, aliyetangazwa mtakatifu pamoja na wenzake 21 mwaka 1964, limebaki na sura mbili: Karoli na Kalooli.

Kwa kuwa majengo makubwa ya kilimani yalitangulia tahajia ya 1947, R ilikwisha kuota mizizi. Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria, jengo adhimu la matofali lililojengwa kati ya 1914 na 1925, bado hujulikana sana kwa jina la Rubaga. Hospitali iliyoanzishwa na Masista Weupe mwaka 1899 iliitwa Rubaga kwa miaka mingi. Leo ni Hospitali ya Mashahidi wa Uganda, Lubaga.

Matumizi ya sasa

Lubaga ni mojawapo ya divisheni tano za Kampala chini ya KCCA, mamlaka iliyochukua nafasi ya halmashauri ya jiji mwaka 2011. Maandishi ya Kiganda hupendelea L. Ya Kiingereza hutumia zote mbili, pengine katika ukurasa mmoja. Anayetafuta ramani, hati au makala za magazeti kuhusu eneo hili hana budi kutazama chini ya herufi zote mbili.