Kumfundisha mtoto historia ya sanaa makumbushoni: siwa, milango na kuta za pwani ya Kenya

Mzazi anayefundisha watoto wake nyumbani hupata vitabu vya hesabu na vya kusoma bila shida kubwa. Historia ya sanaa ndiyo humkwama. Mara nyingi somo lote huishia kwenye maneno mawili, "sanaa ya jadi". Mtoto huonyeshwa picha ya kinyago, kikapu au mlango wa nakshi, akaambiwa ni vitu vya jadi, basi. Hatajiwi mwaka, wala fundi, wala aliyeagiza kazi hiyo. Hukua akidhani kwamba picha za Ulaya zina tarehe na wenyewe, lakini vitu vya kwao vilikuwapo tu siku zote, kama mawe ya pwani.

Makumbusho yanaweza kulisahihisha hilo kwa siku moja, ikiwa siku hiyo itatumiwa vizuri. Kwa kuwa nauli ni ghali, familia nyingi hutaka kuona kila chumba. Saa mbili baadaye watoto wamechoka, na wakifika nyumbani wanachokumbuka ni soda. Afadhali uchague vitu viwili au vitatu kabla ya kutoka, ukae navyo, na vingine uvipite tu.

Tuchukue Makumbusho ya Lamu. Humo zimo siwa mbili, yaani baragumu kubwa za watawala wa zamani. Moja ilitoka Pate na imetengenezwa kwa pembe za ndovu. Urefu wake unapita mita mbili. Nyingine ni ya Lamu yenyewe, nayo ni ya shaba. Msimamishe mtoto mbele ya hizo mbili, na usimweleze kitu kwanza. Mwulize inapulizwa wapi. Karibu kila mtoto ataonyesha ncha nyembamba, kama tarumbeta. Mwache atafute mpaka aone tundu lililo ubavuni.

Kisha mwulize ni ipi iliyokuwa ngumu kutengeneza. Hapo pana mjadala wa kweli, kwa sababu kazi zenyewe hazifanani. Mchonga pembe huondoa kidogo kidogo, na akikosea hawezi kurudisha. Mhunzi wa shaba naye hutengeneza umbo la nta kwanza, hulifunika kwa udongo, huupasha moto mpaka nta iyeyuke na kutoka, halafu humimina shaba iliyoyeyuka mahali nta ilipokuwa. Ukirudi nyumbani unaweza kumwonyesha hatua ya mwanzo kwa kipande cha mshumaa na udongo wa kichuguu. Hatua ya shaba muachie fundi.

Swali la tatu ni nani aliruhusiwa kuipuliza. Siwa haikuwa ala ya kila mtu. Ilipigwa kwenye sherehe za watawala na za koo kubwa, harusi na tohara zikiwemo. Kwa hiyo mtoto anajifunza kwamba kitu kizuri pia kilikuwa alama ya mamlaka, na kwamba ndiyo sababu watu walikubali kugharimia kazi ya namna ile.

Na tarehe? Mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika Malindi, mmoja wa watu wa msafara wake aliandika kwamba mfalme alikuja na wapiga baragumu mbili za pembe za ndovu, zenye kimo cha mtu, zinazopulizwa kupitia tundu la ubavuni. Ni maelezo ya siwa, hata kama si hizi za Lamu. Mtoto akijua hilo, anajua kwamba ufundi huu ulikuwa umekomaa pwani kabla Mreno hajatia nanga.

Ukitoka makumbushoni, mji wenyewe ni darasa. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na milango yake ya nakshi iko barabarani, haina kiingilio. Mtoto achunguze miimo ya pembeni, mfaa wa katikati na ubao wa juu. Katika baadhi ya milango ya pwani, fundi alichonga mwaka wa Hijria. Mtoto aliyepita chuoni atazisoma tarakimu hizo za Kiarabu upesi kuliko mzazi wake. Kupata mwaka wa Miladi kwa kukadiria, zidisha mwaka huo kwa 0.97 kisha ongeza 622. Kikokotoo cha simu kinatosha. Mlango wa mwaka 1312 utakupa 1894 au 1895. Kuna pia mafundi wa Lamu wanaochonga hadi leo. Ukiomba kwa adabu, watoto watatazama patasi ikifanya kazi, na hilo hakuna kabati la kioo linaloweza kuwapa.

Walio karibu na Mombasa waende Fort Jesus, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 na kutwaliwa na Waomani mwaka 1698. Watafute michoro ya ukutani ya wakati wa Wareno, yenye merikebu na watu. Haikuchorwa na wasanii wakubwa. Ni kazi ya watu waliokuwa mbali na kwao, na watoto huielewa haraka, kwa sababu nao huchora kuta.

Kabla ya safari, piga simu uulize saa za kufungua na kiingilio, kwani mwananchi na mgeni hawalipi sawa. Uliza pia kama picha zinaruhusiwa. Beba daftari na penseli, si kalamu ya wino. Mtoto achore kitu kimoja kwa dakika 20. Mchoro ukiwa mbaya si neno, macho yamefanya kazi.

Pwani ikiwa mbali, kuna makumbusho ya umma Kitale, Kisumu, Meru na Kapenguria, na maswali ni yale yale. Simu nayo husaidia kwa wenye bando, kwa kuwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yana picha nyingi kwenye Google Arts & Culture. Lakini itumie kabla au baada ya ziara. Kwenye kioo cha simu siwa ya mita mbili huonekana kama kalamu.

Neno moja kuhusu sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Anayefikiria kufundisha nyumbani moja kwa moja aulize kwanza ofisi ya elimu ya eneo lake. Kwa wengine wote, likizo ya Agosti inatosha.

Mkirudi, funga kamba ukutani na uanike michoro kwa kufuata miaka: 1498 ya Malindi, 1593 ya ngome, kisha mlango mliousoma. Acha nafasi tupu mwishoni. Mkeka au chungu cha bibi nacho kitaingia hapo, mtoto akishamuuliza alikitengeneza lini na nani alimfundisha.