Hukumu ya Mfua Nguo wa San Francisco

Mtu akitaka kufungua duka au kazi mjini, huenda kwanza kwa wakubwa kuomba ruhusa, yaani patenti. Desturi hiyo si mbaya. Mji usioangalia kazi za watu wake utapata moto, uchafu na magonjwa. Lakini yule anayetoa ruhusa au kuinyima, je, yeye naye afuate kipimo gani? Swali hilo lilikatwa Marekani mwaka 1886, kwa ajili ya mfua nguo mmoja.

Wakati ule, katika mji wa San Francisco, nyumba tisa katika kila kumi zilikuwa za mbao. Mwaka 1880 baraza la mji lilitoa amri: mtu asifulie watu nguo katika nyumba ya mbao pasipo ruhusa ya baraza. Mwenye nyumba ya matofali au ya mawe hakuhitaji kuomba. Ukiisoma amri hiyo utaisifu, maana yaonekana kukinga moto. Haikutaja taifa lolote. Lakini ilikosa neno moja kubwa: haikusema mwombaji atimize nini ili akubaliwe. Yote yaliachwa katika mapenzi ya wajumbe.

Basi, tuangalie matunda yake. Nyumba za kufulia zilikuwa kama 320, na 310 kati yake zilikuwa za mbao. Wachina walikuwa na karibu 240. Wachina kama 200 wakapeleka maombi, wote wakakataliwa. Watu wa mataifa mengine kama 80 wakaomba, wote wakakubaliwa ila mmoja. Je, moto huchagua taifa?

Mchina mmoja, aliyeitwa Yick Wo katika kesi, alikuwa amefua nguo miaka 22 katika nyumba ileile. Wakaguzi wa moto walishuhudia mwaka 1884 kwamba majiko yake hayana hatari. Mwaka 1885 mkubwa wa afya naye alishuhudia kwamba maji machafu yanaondoka vema. Hata hivyo baraza likamnyima. Akaendelea na kazi, akakamatwa, akatozwa dolari 10. Asipolipa, afungwe siku 10. Hakulipa, akaingia gerezani. Wachina zaidi ya 150 walikamatwa kwa neno lilo hilo.

Chama cha wafua nguo wa Kichina kikatafuta wanasheria. Mahakama ya jimbo la California ikawashinda. Hawakukata tamaa, wakapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 10 Mei 1886 waamuzi wote kwa sauti moja wakaamuru Yick Wo afunguliwe. Mwamuzi Stanley Matthews alieleza kwamba sheria yenye maneno ya haki hugeuka kuwa dhuluma, kama wanaoitumia wanabagua. Tena, nyongeza ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, humlinda kila mtu aliye nchini, hata asiye raia.

Angalieni vema: mahakama haikuuzuia mji kukinga moto. Iliuzuia kunyima bila sababu. Ndiyo maana kesi hii yafundishwa hata leo. Masharti yatangazwe mbele, yawe mamoja kwa wote, na anayekataliwa aambiwe kwa nini. Pasipo hayo, patenti si kazi ya sheria tena. Ni upendeleo wa mwenye muhuri.